Pizza nyumbani Dodoma na safarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naulizwa mambo haya na watu wa Area D, Kisasa, Nkuhungu na Iyumbu, na wengine wa Kongwa na Manyoni. Wapo wanaopika wenyewe, wapo wanaonunua mjini wikiendi, na wapo waliotoka safari wakishikilia kwamba pizza ya huko walikokwenda haina mpinzani. Mimi ninachoshikilia ni kimoja: pizza ni mkate kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye unga.

Nataka kulinganisha pizza za migahawa miwili. Nianzie wapi?

Agiza aina ileile kote kuwili, tena ile yenye vitu vichache: nyanya, jibini na majani ya rehani, yaani margherita. Leo ukila ya kuku hapa mjini, kesho ukala ya nyama ya kusaga Arusha, ulicholinganisha ni kuku na nyama. Pizza yenyewe hujaigusa. Vitu vikirundikwa juu huficha unga mbaya, na baadhi ya wapishi wanalijua hilo vizuri.

Ikifika mezani usikawie, kwa sababu jibini ikipoa hukaza na ladha yake hupungua. Inua kipande kimoja uchungulie chini. Unatafuta madoa ya kahawia yaliyotapakaa bila mpangilio, kama ya chapati iliyopikwa na mtu mwenye mkono wake. Chini kukiwa kweupe, oveni haikuwa na moto wa kutosha. Kukiwa kweusi kote huku juu jibini haijabadilika rangi, moto wa chini umezidi wa juu.

Sasa vunja ukingo kwa vidole. Ndani uone matundu makubwa kwa madogo, na pua isikie harufu ya mkate uliochachuka kidogo. Ubonyeze: unga uliopewa muda wake huinuka tena taratibu. Ule uliolazimishwa kuumuka kwa hamira nyingi ndani ya nusu saa huwa na matundu madogo yanayofanana, unanuka hamira, na ukipoa unakuwa mgumu kumeza. Kwangu mimi hapo hukumu imeshatoka kabla sijaonja jibini.

Kitu cha mwisho ni nyanya. Onja rojo peke yake kwa ncha ya uma. Ukikutana na utamu wa sukari na siki ya tomato sosi, jua hapakuwa na nyanya iliyopikwa jikoni siku hiyo.

Nilikula pizza Napoli, katikati imelowa hadi nikatumia kisu na uma. Ilikuwa haijaiva?

Iliiva. Associazione Verace Pizza Napoletana, chama kilichoanzishwa Napoli mwaka 1984 kulinda pizza ya mji huo, kinataka iokwe kwenye tanuri lenye nyuzijoto 430 hadi 480 kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Kwa muda mfupi namna hiyo ukingo huvimba na kupata madoa meusi, lakini maji ya nyanya na ya jibini mbichi hayawahi kukauka. Ulaini wa katikati ndio wanaoutaka. Wenyeji huila kwa kisu na uma, au huikunja mara mbili ikawa robo na kuila wakitembea. Ufundi wa wapishi hao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2017.

Ukitoka Napoli ukaenda Roma unakuta nyembamba, kavu, inayovunjika kwa mlio. Huko huko Roma kuna nyingine inayookwa kwenye trei ndefu na kuuzwa kwa uzito: unaonyesha ukate wapi, wanapima, unalipa. New York wana vipande vikubwa vinavyokunjwa katikati na kushikwa kwa mkono mmoja. Mgahawa wa huko wa Lombardi's unatajwa tangu 1905. Chicago wanaoka kwenye chombo chenye kina, jibini chini na nyanya juu, mtindo uliotokea Pizzeria Uno mwaka 1943. Detroit ni ya mstatili, kingo zake zimekaangika kwa jibini iliyoshuka pembeni mwa trei ya chuma.

Kwa hiyo kabla ya kusema hii mbaya ile nzuri, uliza inakusudia kuwa nini. Ya Roma ikilowa katikati ina kasoro. Ya Napoli ikiwa kavu kama biskuti ina kasoro.

Ni kweli margherita iliitwa kwa jina la malkia?

Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mwaka 1889 Raffaele Esposito wa Napoli alimpikia Malkia Margherita wa Italia pizza yenye rangi za bendera: nyekundu ya nyanya, nyeupe ya jibini ya mozzarella, kijani ya rehani. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka, na mchanganyiko huo ulikuwa ukipikwa Napoli kabla ya hapo.

Pizza ya Zanzibar nayo tuihesabu?

Ihesabu kwa heshima zake, ila usiiweke kwenye mizani moja na ya tanurini. Ile ya Forodhani haiokwi. Fundi anachukua donge dogo lililolala kwenye mafuta, analivuta kwa viganja mpaka linakaribia kupenya mwanga, anaweka kiraka cha unga katikati, halafu nyama ya kusaga, kitunguu, hoho, jibini kidogo, mayonezi na yai. Anachanganya hapohapo, anakunja pande nne na kuitupia kwenye chuma bapa chenye mafuta. Kigezo chake ni kingine kabisa: unga uwe mwembamba na mkavu nje, yai liwe limeiva katikati, na isichuruzike mafuta. Ukitaka kulinganisha, linganisha meza moja ya Forodhani na ya jirani yake. Tofauti ipo, na iko zaidi kwenye mkono unaovuta unga.

Kubwa moja au ndogo mbili: ipi ina faida?

Zidisha kipenyo kwa kipenyo. Ya inchi 12 ni 12 mara 12, yaani 144. Ya inchi 8 ni 64, na mbili ni 128. Kubwa moja imezishinda ndogo mbili, na hapo hujahesabu kwamba ndogo zina sehemu kubwa zaidi ya ukingo usiokuwa na kitu juu. Tuseme kubwa ni shilingi 24,000 na ndogo ni 14,000. Gawa bei kwa namba ile: kubwa inakuja kama 167, ndogo kama 219. Fanya hesabu hii popote, Dodoma au Nairobi, kwa sababu majina "ndogo", "ya kati" na "kubwa" hayana kipimo kimoja. Uliza inchi.

Unga gani, na vipimo gani?

Unga wa ngano wa kawaida wa dukani unafaa. Penye pakiti zaidi ya moja, geuza nyuma usome protini: gramu 11 hadi 13 kwa kila gramu 100 ndizo zinazokupa unga unaovutika bila kukatika.

Kwa pizza tatu za sentimeta 28 hivi: unga gramu 500, maji mililita 320, chumvi gramu 10 hadi 12 (kama vijiko viwili vya chai vya msawazo), hamira kavu ya chenga kijiko kimoja cha chai, mafuta ya alizeti kijiko kimoja cha chakula. Alizeti ya Singida au ya hapa Dodoma ikiwa mpya ina ladha yake kwenye unga, sioni sababu ya kuhangaika na mafuta ya mzeituni ya bei mbaya kwa kazi hii.

Changanya, uache dakika 20 bila kuugusa, kisha ukande dakika 8 hadi 10. Ukiuvuta kipande kidogo kati ya vidole ukawa utando unaopitisha mwanga bila kuchanika, umekamilika. Funika. Ukishafika mara mbili yake, gawa madonge matatu, yapumzishe tena nusu saa hadi saa nzima, halafu tandaza kwa vidole ukianzia katikati kwenda nje, ukiacha ukingo bila kuubonyeza. Fimbo ya chapati weka pembeni, maana inatoa hewa yote uliyoisubiri.

Mwenye friji apunguze hamira iwe nusu kijiko cha chai na auache unga humo usiku kucha hadi siku mbili. Hakuna hatua nyingine ya gharama ndogo inayobadilisha pizza ya nyumbani kiasi hiki. Harufu ile ya mkate uliochachuka kidogo hutokea humo.

Nilipokuwa Dar unga wangu ulikuwa unatulia. Huku unaumuka haraka na kukauka juu. Kwa nini?

Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inaukandamiza unga kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, kwa hiyo gesi ileile ya hamira huuvimbisha zaidi. Punguza hamira kwa robo na uangalie unga wenyewe badala ya saa ya ukutani. Oktoba na Novemba, jikoni kukiwa na joto, saa moja inaweza kutosha. Julai usiku, baridi ikishuka na upepo ukivuma, unga huohuo unaweza kutaka saa tatu.

Kukauka ni kwa sababu ya hewa kavu ya kiangazi. Unga wa kwenye pakiti nao huwa mkavu zaidi, unataka maji kidogo kuzidi kipimo cha pwani, kijiko cha chakula kimoja au viwili. Kitambaa kikavu hakitoshi kufunika. Tumia chombo chenye kifuniko, au paka mafuta juu ya unga halafu funika kwa nailoni. Ngozi kavu ikishajitengeneza haiondoki, itakuja kupasuka ukitandaza.

Maji ya bomba ya hapa yana chumvichumvi. Yanaharibu unga?

Hayaharibu. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na ni maji yenye madini. Madini ya kiasi huukaza unga kidogo, jambo ambalo waokaji wengi wanalipenda. Kama kwako ladha ya chumvi inasikika kabisa kwenye chai, punguza chumvi ya unga kidogo, basi.

Sina oveni. Nifanyeje?

Kikaango kizito, kile cha chapati, kinatosha. Kipashe moto wa wastani bila mafuta. Weka unga uliotandazwa, funika. Baada ya dakika mbili hivi utaona malengelenge yakiinuka juu. Inua ukingo kwa mwiko, chini kukiwa na madoa ya kahawia geuza. Sasa punguza moto, paka nyanya upande ulioiva, weka jibini, funika tena dakika nne au tano mpaka jibini iyeyuke yote. Mfuniko uwe unaobana, na futa matone ya maji yaliyojikusanya kwa ndani kabla hayajadondoka. Pizza hii haitapata rangi juu, lakini chini yake inaweza kuishinda ya oveni dhaifu.

Wenye jiko la mkaa wanaijua njia ya moto juu na chini kutokana na keki na maandazi ya kuoka. Weka sufuria nzito jikoni, ndani yake mawe madogo matatu, funika kwa mfuniko bapa wenye makaa, uache ipate moto robo saa. Trei ya pizza ikae juu ya mawe. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Watu wengi hugeuza hesabu hiyo na kuunguza. Dakika 15 hadi 20. Fanyia nje au penye upenyo mkubwa wa hewa, kwa sababu mkaa ukiwaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua.

Ninayo oveni, lakini pizza yangu hutoka nyeupe na laini.

Oveni nyingi za nyumbani huishia nyuzijoto 250. Weka trei nzito ya chuma iliyogeuzwa juu chini, iwashe mpaka mwisho kwa dakika 30 hadi 40 nzima, ndipo utelezeshe pizza juu ya trei hiyo ya moto. Dakika 8 hadi 12. Kijiko kidogo cha sukari ndani ya unga husaidia rangi kwenye joto hili la chini. Oveni ya gesi hupiga zaidi kutoka chini, kwa hiyo panda rafu ya juu na malizia kwa moto wa juu kama unao.

Kuhusu Luku: oveni ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika ni uniti 2. Ukishaipasha, oka pizza tatu au nne mfululizo. Kuiwasha kwa moja ni hasara.

Jibini gani inapatikana, na ipi inayeyuka vizuri?

Mozzarella ngumu, ile ya kukwaruza, ndiyo inayofaa oveni na vikaango vyetu. Ile laini ya kuelea kwenye maji ni ya tanuri kali. Ukiipata, ikate na uichuje kwenye ungo saa mbili kabla. Njombe wanatengeneza jibini za mtindo wa Kiitaliano, na ikifika Dodoma bado imeshikwa na baridi ni chaguo langu la kwanza. Cheddar peke yake hutoa mafuta mengi, ichanganye theluthi kwa mozzarella theluthi mbili. Gouda inayeyuka vizuri na haina makuu. Gramu 80 hadi 100 kwa pizza moja zinatosha.

Nyanya nizipikeje?

Chagua zile ndefu ngumu aina ya Tanya, zina nyama nyingi na maji machache. Zikate katikati, zikwaruze mpaka libaki ganda mkononi, mwaga rojo kwenye chujio maji ya kwanza yatoke. Kitunguu saumu kwenye mafuta, rojo, chumvi, moto wa wastani. Imeiva pale ambapo ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga. Ikiwa bado inakimbilia kuziba, pizza yako italowa.

Vitu gani vya huku vinafaa kuwekwa juu?

Vipo vingi, na hapa ndipo ninapofurahi kuulizwa. Kuku wa kienyeji wa Singida: mchemshe mpaka nyama ichambuke kwa vidole, ichambue nyuzinyuzi, mimina mafuta kidogo ya supu yake juu ya nyama ili isikauke motoni. Mkiweka mbichi kama wa kisasa mtatafuna hadi jioni. Kitunguu cha Singida nacho, kikatwe pete nyembamba na kukaangwa taratibu mpaka kiwe cha kahawia na kitamu, hakihitaji mwenzake zaidi ya jibini.

Dagaa. Waitaliano huweka samaki wadogo wa chumvi kwenye pizza, na dagaa wa Kigoma waliokaangwa wakavu wanafanya kazi hiyo vizuri juu ya pizza ya nyanya na kitunguu saumu bila jibini kabisa. Toa vichwa, weka wachache, na wawekwe dakika mbili za mwisho wasiungue.

Na zabibu mbichi! Mizabibu ya hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na msimu ukifika bei inashuka. Huko Toscana, Italia, wakati wa mavuno huoka mkate bapa uliojaa zabibu nyeusi, ndani na juu. Tandaza unga uleule wa pizza, zabibu nyekundu juu, sukari kidogo, mafuta, chumvi ya kunyunyiza. Zikianza kupasuka na juisi kuchemka pembeni, toa. Nashangaa kwamba mji unaosifika kwa zabibu haujaifanya kuwa chakula cha msimu.

Mlenda hapana. Unatoa maji.

Nanasi je?

Weka ukilipenda. Pizza ya nanasi ilianzia Kanada, mwaka 1962, kwa Sam Panopoulos, mhamiaji wa Kigiriki aliyekuwa na mgahawa Chatham, Ontario. La Kiwangwa lina juisi nyingi kuliko la kopo, kwa hiyo kausha vipande kwenye kikaango kwanza.

Ninakula halali. Niulize nini nikiwa safarini?

Uliza nyama ya pepperoni, salami na bekoni ni ya nini. Pepperoni ya Marekani kwa kawaida ni ya nguruwe iliyochanganywa na ng'ombe, ingawa ya ng'ombe tupu ipo. Uliza pia kama trei na kisu cha kukatia vinachangiwa na pizza zenye kitimoto. Mhudumu mzuri hatakasirika. Kwa Wakatoliki siku za kutokula nyama za Kwaresima, margherita inakutosha bila kuuliza sana.

Nikiagiza kwa bodaboda inafika imelowa. Tatizo ni boksi?

Ni mvuke. Pizza ikifungiwa ya moto, mvuke wake hurudi kwenye unga. Omba waiache wazi dakika mbili kabla ya kufunga, na mwombe kijana wa boda alibebe boksi likiwa limelala, kwa sababu likisimamishwa kwenye begi jibini yote hukimbilia upande mmoja. Ukiwa Nzuguni au Mtumba na mgahawa uko katikati ya mji, agiza nyembamba yenye vitu vichache na uipitishe kwenye kikaango ikifika.

Naweza kuwaletea watoto pizza kutoka Dar kwa treni ya SGR?

Safari ni kama saa nne, ongeza muda wa kufika stesheni na kutoka. Chakula chenye nyama au jibini kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 kisizidi saa moja. Kwa hiyo ipoze kwanza, ifunge, iweke kwenye kiboksi cha barafu. Bila barafu usijaribu.

Kuweka tomato sosi na pilipili juu ni vibaya?

Onja kipande cha kwanza bila kitu, ujue mpishi amefanya nini. Vinavyofuata ni vyako.

Kipande kilichobaki nikipasheje?

Kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika mbili bila kufunika ili chini kukauke. Kisha dondoshea matone machache ya maji pembeni, mbali na kipande, ufunike dakika mbili nyingine mpaka jibini ilainike. Maikrowevu huufanya unga uwe kama mpira. Kwenye friji, kilichofunikwa vizuri hukaa siku tatu hadi nne.